Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi: Kwa Wanaoanza Kazi Mtwara na Lindi

Barua za kuacha kazi zinafanana mno. "Naacha kazi kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu." "Nimepata changamoto za kifamilia." Aya mbili, shukrani, sahihi, basi. Nimekaa dawati la utumishi miaka mingi, kwanza Mtwara mjini kwenye maghala na magari ya kubeba korosho, kisha Lindi kwenye kiwanda cha kubangua, na barua za namna hiyo nimezipokea mpaka nikaacha kutafuta sababu ndani yake. Sababu yenyewe husemwa siku ya makabidhiano, mtu akisharudisha funguo na leja na hana tena cha kuogopa. Hapo ndipo utasikia kwamba kodi ya nyumba ilimshinda, au mke yuko Morogoro na mtoto hamjui baba yake, au bosi hakuwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi huku Kusini mwaka huu. Wengine mmeona majina kwenye tangazo la kuitwa kazini, mkapangiwa Tandahimba au Liwale bila kujua basi la kufika huko linapandiwa wapi. Wengine mmeajiriwa na kampuni binafsi, mmekuja na begi moja na namba ya simu ya mtu wa kuwapokea. Mengi mtakayoambiwa kuhusu kudumu kazini yatahusu mshahara. Mshahara una nguvu, sikatai. Lakini kwa niliowaona wakiondoka, mshahara peke yake uliwatoa wachache. Wengi walitolewa na mambo ya wiki za mwanzo ambayo hakuna aliyekaa kuyapanga: watalala wapi, wataishi kwa nini mpaka mwezi wa kwanza uishe, na yule atakayekuwa juu yao ni mtu wa namna gani.

Watu hukaa kazini muda gani? Marekani serikali hulipima jambo hili kila baada ya miaka miwili, na Januari 2024 ilionekana kwamba nusu ya waajiriwa walikuwa hawajafikisha miaka 3.9 kwa mwajiri waliyekuwa naye. Sekta ya umma ilikuwa miaka 6.2, sekta binafsi 3.5, na vijana wa miaka 25 hadi 34 walikuwa kwenye 2.7. Najua Mtwara si Marekani. Nayataja kwa sababu vijana wengi huingia ofisini wameinamisha kichwa kama wasaliti, eti wanataka kuondoka mwaka wa tatu, na nyumbani mzee amewaambia kazi ni kung'ang'ania. Kijana kubadili kazi ni jambo la kawaida duniani kote. La kuangalia ni umeondoka lini, kwa sababu ipi, na umetoka na nini mkononi.

Kwa macho yangu, huku watu huondoka kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza ni la kabla ya miezi sita, na hilo halihusu sana kazi, linahusu maisha ya nje ya kazi. La pili ni kati ya mwaka wa pili na wa tatu, na hapo ndipo utasikia habari za bosi, ndoa na kupanda cheo. Aliyevuka hapo hatoki tena. Utamkuta ana ekari zake za mikorosho Nanyamba, amezoea ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa huku, na ukimtajia uhamisho anakuuliza amekukosea nini.

Nianze na hesabu, maana wengi huanza vibaya hapo. Kijana anaambiwa mshahara ni 700,000 na kichwani mwake anaanza kuigawa laki saba. Hiyo laki saba hataiona. Kwa wa kampuni binafsi, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 70,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 105,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 630,000 iliyobaki baada ya mchango wa mfuko: 270,000 ya kwanza haina kodi, inayofuata mpaka 520,000 inatozwa asilimia 8, na ya juu yake asilimia 20. Jumla ya kodi ni 42,000. Kinachoingia benki ni 483,000, na hapo sijagusa ada ya chama cha wafanyakazi wala bima. Mtu aliyekwisha kuahidi kumsomesha mdogo wake kwa kutazama laki saba ameshaingia kwenye shida kabla hajakanyaga Mikindani.

Halafu mwenye nyumba Chikongola au Magomeni anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mshahara wa kwanza nao una tabia ya kuchelewa, hasa kwa ajira mpya serikalini, mpaka taarifa zako ziingie kwenye mfumo. Hapo katikati ndipo wanapojitokeza wakopeshaji wa kausha damu, wana lugha tamu na fomu ya ukurasa mmoja, wanashika kadi yako ya benki na namba ya siri. Nimeona watu wenye kazi nzuri kabisa wakiacha kazi ili kukimbia deni tu. Mtu anatoweka Ijumaa, Jumatatu wakopeshaji watatu wako getini kwetu wanamuulizia, na kila mmoja anadhani kadi aliyoshika ndiyo yenyewe. Kwa mlioajiriwa serikalini, ulizeni posho ya kujikimu siku ile ile mnayoripoti, na ulizeni kwa maandishi. Kwa wa kampuni binafsi, ombeni mwajiri awadhamini kwa mwenye nyumba ili kodi ilipwe kwa miezi miwili miwili. Kampuni nyingi hukubali zikiombwa, ila wageni huona aibu kuomba.

Kwa wanaopanda Newala na Tandahimba, swali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe la umeme. Uliza maji. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake wa mchanga hauyashiki maji, yanazama chini sana, ndiyo maana kwenye nyumba za zamani utakuta kisima cha kuvunia mvua kutoka kwenye bati. Nyumba yenye kisima ina kodi kubwa kidogo na inastahili. Mwalimu anayeamka saa kumi usiku kwenda kutafuta ndoo mbili halafu asimame mbele ya darasa saa moja na nusu hatamaliza mwaka, hata umpe cheo gani.

Sasa nije kwenye msimu, kwa sababu bila kuuelewa msimu hutaelewa kwa nini watu wa huku wanaingia na kutoka kazini kwa namna inayowashangaza mabosi wanaotoka Dar es Salaam.

Korosho huanza kuokotwa kuelekea mwishoni mwa mwaka, na kuanzia Oktoba minada inafunguliwa. Mkulima anapeleka kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, mzigo unaingia ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, wanunuzi wanashindana bei, na pesa zinaingia kwenye akaunti za wakulima. Kuanzia hapo mji unabadilika. Pikipiki mpya zinaonekana barabarani kabla hazijapata namba, mabati yanapanda bei, vyumba vya kulala wageni Masasi vinajaa madalali na madereva. Na kazi zinajaa vilevile: makarani wa mizani, wapima ubora, wapakiaji, washona magunia, walinzi, madereva wa kushusha mzigo bandarini. Deiwaka, yaani kibarua wa siku, anayebeba magunia anaweza kulala na pesa ambayo karani wa kudumu haioni mpaka mwisho wa mwezi.

Kila Oktoba, basi, mtu wa kudumu mwenye mshahara mdogo anapiga hesabu na kuacha kazi. Hesabu ya Oktoba ni sahihi kabisa. Inayomponza ni ya Machi. Meli zikishaondoka na maghala yakifagiliwa, wale wale wanarudi kuuliza kama nafasi yao bado ipo. Wakati mwingine ipo, mara nyingi imeshapata mtu. Na msimu wenyewe hauna mkataba na mtu yeyote. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya mvutano wa bei na wanunuzi, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Aliyeacha kazi ya kudumu mwezi mmoja nyuma ili awe karani wa mnunuzi binafsi, mnunuzi huyo msimu ule hakuwa na cha kununua.

Simaanishi kwamba msimu ni upotevu. Kuna watu wameujengea nyumba. Ila wanaofaidi ni wale waliouweka pembeni ya kazi: wanachukua likizo yao ya siku 28 Novemba, wanakwenda kusimamia mavuno yao au kufanya biashara ya magunia, wanarudi. Ukiajiriwa leo, angalia ratiba ya likizo mapema, maana kwenye ofisi za huku Novemba hugombewa kuliko sikukuu yoyote.

Kuna kundi moja ambalo hesabu za kudumu kazini haziwatendei haki, nao ni akina mama wabanguaji. Kiwandani Lindi, mvua za kwanza zikishika wanapungua. Huku tuna masika moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na shamba la mihogo na mbaazi halisubiri mtu amalize sinia lake la korosho. Meneja mgeni anatazama daftari, anapiga meza: "Hawa hawadumu!" Palizi ikiisha wanarudi, wanakaa kwenye benchi zile zile, mama yule yule pembeni ya jirani yule yule, mikono imepakwa mafuta ili maji makali ya ganda yasiwachome. Kwenye daftari wameandikwa wapya. Yuko mama aliyeandikishwa upya kila mwaka tangu binti yake yuko tumboni, na sasa binti yuko benchi la nyuma anajifunza kumenya bila kuvunja punje. Mfumo wa ofisi unasema ana miezi minne kazini. Kama wewe ndiye unayeanza kazi ya utumishi au usimamizi huku, andika majina yao kwenye orodha moja ya wanaorudi, uwaite kwa simu kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote. Mbanguaji mzoefu anatoa punje nzima, na punje nzima ndiyo yenye bei. Anayejifunza anatoa vipande.

Jambo jingine la Kusini ni kusubiri miradi. Miaka ya 2012 na 2013 gesi ya Mnazi Bay ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Walimu, manesi na makarani waliacha kazi ili wawe karibu na nafasi za bomba la kusafirisha gesi hiyo, wengine wakajenga nyumba za kupangisha wakitegemea wageni. Kazi za bomba zilikuwepo kweli na zililipa, lakini bomba lilipokamilika mwaka 2015 mchomeleaji, dereva na mpishi wa kambi waliambiwa asante, kwaheri. Kujenga kunataka watu wengi, kuendesha kunataka wachache wenye ujuzi maalumu. Ndivyo miradi mikubwa ya namna hiyo ilivyo popote. Leo Lindi habari ni Likong'o na kiwanda cha gesi iliyosindikwa, ambacho kimezungumzwa zaidi ya miaka kumi sasa. Ukitaka kazi huko, soma: uchomeleaji wenye cheti, usalama mahali pa kazi, umeme wa viwandani. Soma jioni ukiwa kazini. Kuacha kazi leo ili kusubiri mkataba ambao waheshimiwa hawajautia sahihi, hapana, hilo siwezi kumshauri mtu.

Nimeahidi habari za bosi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wimbi la pili karibu lote linaanzia hapa.

Kwenye ghala moja Masasi alikuwepo kijana mtunza ghala, mtu wa Singida, mwandiko wake kwenye leja ungedhani umechapwa. Siku moja hesabu ya magunia haikukaa sawa, yalipungua manne. Msimamizi alimsimamisha kati ya wapakiaji, wale anaowaamuru yeye kila siku, akamuuliza kwa sauti alisomea wapi kuhesabu. Wapakiaji wakacheka. Baadaye magunia manne yakaonekana yamebaki kwenye lori chini ya turubai, dereva alisahau kuyashusha. Msimamizi akasema "haya, endeleeni," akaingia kwenye gari lake. Mwezi uliofuata kijana alileta barua yenye sababu za kifamilia. Alihamia ghala la ng'ambo ya barabara. Siku ya makabidhiano nilimuuliza wamemwongeza shilingi ngapi. Akasema, "Mshahara ni ule ule, ila kule wakinigombeza watanigombeza ofisini."

Tangu siku ile swali ninalowafundisha wote wanaokwenda kwenye usaili ni hili: mtu aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi? Uliza kwa adabu, mwishoni, watakapokuuliza kama una swali. Wakijibu kwamba amepandishwa cheo, au amekwenda masomoni, au amestaafu, vizuri. Wakitazamana, au mmoja akacheka, jua hiyo nafasi ina historia. Na kabla hujakubali, nenda kanywe chai kwenye kibanda kilicho nje ya geti la ofisi hiyo. Mama wa pale anajua nani ameondoka mwaka huu na aliondoka analia au anacheka. Mtwara ni mji mdogo, Lindi ndiyo mdogo zaidi, na habari za bosi mkorofi huwa zimefika mtaani Mtanda kabla yeye mwenyewe hajarudi nyumbani kwake.

Upande wa pili, bosi mgumu si lazima awe bosi mbaya. Wako wanaopiga kelele asubuhi na mchana wanakupa ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali ya Ligula bila kukukata siku. Tofauti nimeiona kwenye kitu kimoja: ukikosea anakurekebisha wewe au anawaonyesha wengine? Wa kwanza mvumilie, utatoka kwake unajua kazi. Kwa wa pili, omba kuhamishwa idara kabla hujafikiria kuacha. Maombi ya kuhamishwa ndani ya kampuni moja hukubaliwa mara nyingi kuliko vijana wanavyodhani, kwa sababu kumtafuta mtu mpya na kumfundisha kunakula fedha na muda.

Familia na umbali vinakuja hapo hapo. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita zinazozidi kidogo 550. Wazee watakusimulia enzi za pantoni kwenye Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na siku walizolala kwenye tope. Siku hizi unatoka alfajiri unafika mchana au jioni, ingawa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga na tukarudi kuhesabu siku kama zamani. Umbali huo unavumilika kwa mtu mmoja. Kwa ndoa changa ni mzigo, na sijaona ndoa iliyoushinda kwa simu pekee zaidi ya miaka miwili. Kama mwenzako ni mtumishi wa umma, anzeni mapema kuulizia uhamisho au mtu wa kubadilishana naye kituo. Anayetaka kutoka Nachingwea kwenda Kilosa yupo, na wa Kilosa anayetaka kurudi nyumbani Nachingwea naye yupo, ila mpaka watafutane. Msisubiri mpaka mmoja achoke na kuandika barua, maana mtumishi wa umma anayeacha kazi leo kurudi tena serikalini ni safari ndefu.

Mkiwa bado hamjaamua, ishini na watu. Wageni wanaodumu huku ni wale waliohudhuria msiba wa jirani wiki ya pili, wakachangia shughuli ya unyago ya mtoto wa mwenye nyumba, wakakubali kutaniwa. Anayejifungia na kutazama tarehe hamalizi mwaka.

Sasa ikifika hapo kwamba unaondoka kweli, ondoka kwa akili. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakipoteza haki zao kwa karatasi moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo inayowahusu wa sekta binafsi. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28. Ukiwa bado kwenye mwezi wa kwanza wa ajira, ni siku 7. Ukikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi hicho kwenye stahili zako, usije ukashangaa. Siku za likizo ulizozifanyia kazi bila kuzichukua zinalipwa. Mwajiri anatakiwa kukupa cheti cha utumishi. Na kama uliajiriwa kutoka mbali, mkataba ukiisha huku, anatakiwa kukurudisha wewe na mizigo yako mpaka mahali ulipoajiriwa. Hapo angalia barua yako ya ajira inasemaje. Wengi huandikiwa kwamba wameajiriwa Mtwara ilhali usaili ulifanyika Dar es Salaam na nauli ya kuja walilipiwa. Mstari huo mmoja una thamani ya lori la mizigo, kwa hiyo usomwe siku ya kutia sahihi.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuacha na kuachishwa. Anayeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza mwaka, bila kosa la kinidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo kikiwa miaka 10. Anaweza kudai fao la kukosa ajira kwenye mfuko wake akiwa ametimiza masharti. Akiona ameonewa anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, mradi awe amefikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Aliyeandika mwenyewe kwamba anaacha kwa hiari, kiinua mgongo hicho hana, fao la kukosa ajira hana, na kule kwenye Tume atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwamba alilazimishwa.

Ndiyo maana kuna sentensi moja ya mabosi ninayowatahadharisha vijana wote: "Andika barua mwenyewe tu, itakusaidia kupata kazi kwingine." Inasemwa kwa upole, mlango umefungwa, wakati mwingine na soda mezani. Inawezekana anakutakia mema kweli, kwa mfano kama umekosea na anataka kukuepusha na aibu ya kufukuzwa. Mara nyingi zaidi kampuni inapunguza watu baada ya msimu na haitaki gharama. Jibu ni fupi na la heshima: "Naomba siku mbili nitafakari, bosi." Toka nje bila kutia sahihi. Siku hizo mbili zitumie kumwona mtu wa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi ya mkoa, na kuangalia michango yako NSSF kama kweli imepelekwa miezi yote. Kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja, kupelekwa kwenye mfuko ni jingine, na ni rahisi kuidai ukiwa bado una kitambulisho cha kazi shingoni.

Kama ni wewe umeamua, barua iwe fupi. Sababu si lazima uieleze, kwa hiyo hata zile changamoto za kifamilia waweza kuziacha kama hazipo. Andika tarehe ya leo, tarehe ya siku yako ya mwisho kazini ukihesabu notisi yote, na orodha ya vitu utakavyokabidhi na kwa nani. Chapa nakala mbili. Moja ibaki kwa afisa utumishi, nyingine agonge muhuri, aandike tarehe ya kupokea na atie sahihi mbele yako. Akisema muhuri ameusahau nyumbani, mwambie utapita kesho asubuhi, na upite.